UZI: Hedifoni kwenye TV isiyo na tundu la hedifoni, njia zote na makosa yake

#1 Solda_Moto

Wakuu, salaam. TV nyingi nyembamba za sasa zinatoka kiwandani bila tundu la hedifoni. Watu wanakimbilia dukani kwanza, mgongo wa TV wanauangalia baadaye, na hapo ndipo hela inapoteketea. Chukua tochi, zunguka nyuma ya TV, soma maandishi.

Neno la kutafuta ni OUT. Yale matundu matatu ya RCA, njano, nyeupe na nyekundu, kwenye TV nyingi za siku hizi ni AV IN. Yanapokea, hayatoi. Chomeka hedifoni hapo uone kama utasikia hata mkwaruzo. Kitundu cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV IN nacho ni hivyo hivyo: umbo la hedifoni, kazi nyingine kabisa. Baadhi ya Samsung zina kitundu cha saizi hiyo kilichoandikwa EX-LINK. Hicho ni cha mitambo ya nje kuiendesha TV, hakipitishi sauti.

Vinavyotoa sauti ni hivi: OPTICAL au DIGITAL AUDIO OUT, HDMI yenye neno ARC au eARC pembeni yake, AUDIO OUT ya RCA nyekundu na nyeupe kwenye TV za zamani kidogo, na Bluetooth ambayo huioni mgongoni bali kwenye menyu. Tundu la USB usilihesabu. Kwenye TV nyingi linasoma flashi na kutoa umeme, basi.

Kwa wanaotaka waya, mimi naanza na optikali. Unahitaji kebo ya optikali, mita 1 au 2 inatosha, maana zile za bei rahisi zikipita mita 5 zinaanza kukata sauti. Unahitaji DAC, yaani kisanduku kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, na umeme wa USB volti 5. Hakikisha DAC ina tundu la 3.5 lenye mchoro wa hedifoni, na ikiwezekana kitasa cha kupandisha na kushusha sauti. Kitasa si urembo: kwenye TV nyingi sauti ya optikali inatoka kwa kiwango kimoja tu na rimoti haiigusi. Kama DAC haina kitasa, nunua hedifoni yenye kidhibiti kwenye waya wake.

Kebo mpya huwa na vifuniko vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili. Vitoe. Ncha yenyewe ina kona mbili zilizokatwa, kwa hiyo izungushe hadi ikubali, usiilazimishe, kile kimlango cha tundu ni laini. Ukishachomeka upande wa TV, tazama ncha ya upande wa pili: lazima uone mwanga mwekundu. Giza maana yake ni menyu haijawashwa au kebo imevunjika ndani. Optikali haikunjwi kama waya wa pasi.

Kisha ingia menyu ya sauti, Sound Output chagua Optical, halafu tafuta sehemu ya muundo wa sauti ya kidijitali na uweke PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Usiache Auto, usiache Dolby Digital, ile sauti iliyobanwa ya filamu. DAC hizi za kawaida zinaelewa PCM ya stirio peke yake. Ukizipelekea Dolby zinanyamaza, au zinatoa mngurumo kama mchanga unapepetwa, na mtu anarudisha mzigo dukani akisema ni mbovu.

#2 Binti_Kisosora

Mkuu, PCM ipo, chaneli za habari zinasikika vizuri. Nikihamia chaneli ya filamu kwenye king'amuzi kimya kabisa, picha ipo. DAC ndiyo mbovu?

#3 Solda_Moto

DAC ni nzima. Chaneli ya filamu inarushwa kwa Dolby, king'amuzi kinaipitisha kama ilivyo kwenye HDMI, na TV yako haiibadilishi, inaisukuma hivyo hivyo hadi optikali. Ingia mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya Audio, pale penye Dolby Digital au Bitstream weka PCM au Stereo. Kwenye programu za filamu za intaneti, chagua wimbo wa sauti usio na alama ya 5.1.

#4 Jirani_Mpole

Yangu ina RCA mbili tu. Nimepata kiunganishi cha RCA kwenda 3.5 jike, nikachomeka hedifoni. Inasikika kwa mbali mno, kama redio ya jirani.

#5 Solda_Moto

Ndivyo itakavyokuwa siku zote. RCA imetengenezwa kulisha amplifaya, si kusukuma hedifoni. Chukua mfano: RCA inatoa volti 2, lakini ndani ina ukinzani wa omu 1,000. Hedifoni yako ni omu 32. Volti zinagawanyika kwa uwiano huo, hedifoni inabaki na volti 0.06 hivi, ambayo ni kama miliwati 0.12. Ukivaa zile za kuziba sikio utasikia kidogo, hizi kubwa za kufunika masikio hazitikisiki.

Dawa ni amplifaya ndogo ya hedifoni kati ya RCA na hedifoni. Kama unayo sabufa yenye tundu la hedifoni mbele, ingiza RCA kwenye AUX yake na usikilizie hapo, huna haja ya kununua kitu.

#6 Mzee_wa_Dishi

Solda kaeleza vizuri, ila karuka mlango ulio karibu kuliko yote. Kama unachotazama kinatoka kwenye king'amuzi, kwa nini uhangaike na mgongo wa TV? Geuza king'amuzi. Picha inakwenda TV kwa HDMI, na vingi bado vina AV OUT imekaa bure: ama RCA tatu, ama kitundu kimoja cha 3.5. Kwa kawaida zinatoa sauti wakati HDMI nayo inafanya kazi. Chukua nyeupe na nyekundu, achana na njano, peleka kwenye amplifaya ya hedifoni, na TV unaishusha sauti hadi sifuri. Faida yake kubwa ni kwamba kwenye ving'amuzi vingi rimoti inaongoza sauti ya AV pia.

Angalizo kwa wenye kitundu cha 3.5. Hicho kina njia nne: kushoto, kulia, ardhi na picha. Hedifoni ya kawaida ina njia tatu. Ukiichomeka moja kwa moja, sehemu yake ya mwisho inagusa ardhi na picha kwa pamoja. Mara nyingine utasikia sawa, mara nyingine sikio moja litapokea picha badala ya sauti, na picha ukiisikiliza ni mlio wa nyuki. Mpangilio wa njia hizo haufanani kwa watengenezaji wote. Tumia kebo ya AV iliyokuja na king'amuzi, ile ya 3.5 kwenda RCA tatu, kisha uchomeke RCA moja moja kwenye amplifaya. Inayovuma ni ya picha, iache ining'inie, ila ivishe selotepu isiguse chuma.

Hasara ya njia hii: ukihamia programu za TV yenyewe au flashi, hedifoni inabaki na sauti ya king'amuzi.

#7 Jamaa_wa_Likoni

Ndugu zangu, TV yangu haina optikali, ina HDMI tatu na moja imeandikwa ARC. Nimenunua kisanduku kimeandikwa HDMI Audio Extractor, nikakichomeka kwenye ARC. Taa inawaka, sauti hakuna. Nimekosea wapi?

#8 Kebo_Tupu

Umenunua kifaa kizuri kwa kazi nyingine. Hivi viwili vinafanana sura na vinauzwa kwenye kaunta moja.

Kisanduku cha ARC kinapokea sauti inayorudi kutoka TV. Mlango wake wa HDMI umeandikwa ARC. Unachomeka HDMI ya TV yenye ARC hapo, upande wa pili unatoka na 3.5 au RCA. Kinachukua sauti ya kila kitu kinachoonekana kwenye TV.

Ulicho nacho ni cha katikati ya njia. Kina HDMI IN na HDMI OUT. King'amuzi au kompyuta inaingia IN, OUT inakwenda TV, na sauti inachopolewa ikipita. Kukiweka kwenye ARC ni kama kutega ndoo upande ambao maji hayapiti. Usikirudishe lakini. Kiweke kati ya king'amuzi na TV. Ubavuni kina swichi ya PASS, 2CH na 5.1. Weka 2CH, hapo king'amuzi kinaambiwa kwamba mbele kuna stirio tu na kinaacha kutuma Dolby. Ukiacha PASS utarudi kwenye tatizo la Binti Kisosora.

Picha ikipotea baada ya kukiweka, shida ni HDCP, kinga ya kunakili. Chanzo cha 4K kinadai HDCP 2.2, na visanduku vya bei ndogo vingi vinaishia 1.4. Kwa king'amuzi cha 1080 hutaona tatizo hilo.

Kwa mwenye kisanduku cha ARC halisi: ARC haiamki bila CEC, yaani njia ya vifaa kuamrishana kupitia HDMI. Kila kampuni imeipa jina lake, Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, Philips EasyLink, Panasonic Viera Link. Iwashe, weka Sound Output kwenye HDMI ARC, weka PCM. Ikigoma, chomoa TV na kisanduku ukutani dakika mbili, washa TV kwanza. CEC ina ukaidi wake, na mimi kwa sababu hiyo TV ikiwa na optikali sigusi ARC.

#9 Mama_Wawili

Na sisi tusiotaka waya kukatiza sebuleni watoto wakajikwaa?

#10 Kebo_Tupu

Dada, anza na menyu. Sehemu ya Sound Output, je, kuna Bluetooth Speaker List au maneno yanayofanana? Ipo, huna haja ya kununua kitu. Neno Bluetooth kwenye katoni ya TV peke yake halitoshi, TV nyingine zina Bluetooth ya rimoti tu na hazirushi sauti.

Haipo? Nunua transmita ya Bluetooth. Hapa makosa ni mawili. La kwanza ni kununua risiva. Zile za kwenye gari zinapokea sauti kutoka simu, kinyume cha unachotaka. Tafuta iliyoandikwa TX (kurusha), au yenye swichi ya TX na RX (kupokea), kisha swichi uiweke TX. La pili ni kununua kijiti cha Bluetooth cha kompyuta na kukichomeka USB ya TV. TV haina programu ya kukiendesha, kitakaa pale kama pambo. Transmita sahihi inachukua umeme tu kwenye USB, sauti inaingia kwa optikali au kwa 3.5. Nunua yenye optikali.

Kuoanisha: zima kwanza Bluetooth ya simu, maana hedifoni inakimbilia simu iliyoizoea na transmita inabaki inatafuta. Weka hedifoni kwenye hali ya kuoanishwa, yaani shikilia kitufe hadi taa ipepese rangi mbili, transmita nayo hivyo hivyo, viwe ndani ya mita moja, na subiri hata dakika nzima. Hakuna skrini ya kukuambia kitu, unasoma taa.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kuchelewa. Bluetooth ya kawaida ya SBC, yaani mfumo wa msingi wa kubana sauti, inachelewesha sauti milisekunde 150 hadi 250 hivi. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, BT.1359, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa kama milisekunde 125, na ikitangulia picha anagundua mapema zaidi, kwenye 45. Kwa hiyo ukiwa na SBC midomo na maneno vinaachana, hasa kwenye taarifa ya habari ambako uso umejaa skrini. Mpira unavumilika. Tamthilia inakera.

Tiba ni aptX Low Latency, mfumo mwingine wa kubana sauti, ambayo inashuka hadi milisekunde 40 hivi, LAKINI lazima transmita na hedifoni zote ziwe nayo. Upande mmoja ukikosa, vinarudi SBC kimya kimya. AirPods hazina aptX ya aina yoyote, zina SBC na AAC tu, kwa hiyo kuzinunulia transmita ya aptX ni kupoteza hela.

Na usidanganyike na kitufe cha Audio Delay kwenye TV. Kinachelewesha sauti zaidi, wakati wewe sauti yako imeshachelewa. Kinachotakiwa ni kuchelewesha picha. TV zenye Bluetooth yao zinaweza kujirekebisha, transmita ya nje TV haiijui. Ukitazama kupitia Kodi kwenye boksi la Android, ipo Audio Offset inayokubali kuitanguliza sauti, na hiyo inasaidia kweli.

#11 Mzee_wa_Dishi

Naongeza. Bluetooth inatumia gigahezi 2.4, mtaa mmoja na Wi-Fi. Sauti ikikatika kila ukigeuza kichwa, mara nyingi transmita imebanwa nyuma ya bamba la chuma la TV na ruta iko juu yake. Ivute kwa USB ya kurefusha hadi ichungulie pembeni, ruta ihamishie 5 GHz.

Kwa mtazamaji wa kila siku, zipo hedifoni za TV zinazouzwa na kituo chake cha kurushia, zinatumia redio yao wenyewe badala ya Bluetooth. Kuchelewa ni kudogo mno kuonekana, kuoanisha hakuna, na kituo ndicho chaja. Bei iko juu, lakini nazipenda kwa wazee: unaivua, unaiweka kwenye kiti chake, basi.

#12 Mbeba_Boksi

Kwa tulioko Marekani na TV za Roku: programu ya Roku kwenye simu ina alama ya hedifoni. Ukiigusa, sauti ya TV inahamia simuni na unasikiliza kwa hedifoni ya simu. Simu na TV ziwe kwenye Wi-Fi moja. Hununui kitu.

#13 Chap_Chap

Mbona mnazunguka sana? Fundi wa mtaani anafungua TV, anavuta nyaya za spika, anafunga tundu la hedifoni ubavuni. Nusu saa kazi imeisha.

#14 Solda_Moto

Na TV nayo imeisha. Hii naomba isomwe taratibu, maana ushauri huu unazunguka sana.

Spika za TV za kisasa zinaendeshwa na amplifaya ambayo nyaya zake zote mbili ni hai. Hakuna hasi iliyofungwa kwenye ardhi kama redio za zamani, waya mmoja unapanda mwingine unashuka. Tundu la hedifoni lina njia tatu tu: kushoto, kulia, na ya tatu ya pamoja. Ili spika mbili ziingie kwenye njia tatu, fundi anaunganisha waya mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Hapo ameshikamanisha matokeo mawili hai ya amplifaya. Ukibahatika inajilinda na kuzima sauti. Usipobahatika IC (chipu) ya sauti inaungua, na kwenye mbao nyingi za sasa IC hiyo iko ubao mmoja na kila kitu kingine.

Tuseme amekwepa hilo. Piga hesabu: amplifaya ya wati 10 kwenye spika ya omu 8 inatoa karibu volti 9. Volti 9 kwenye hedifoni ya omu 32 ni wati 2.5. Hedifoni inatosheka na miliwati chache. Unaongelea mara mia kadhaa, mtoto akibonyeza rimoti kwa bahati mbaya sauti ikapanda, hedifoni inakufa na sikio linaumia.

Na ukifungua mgongo, kapasita kubwa ya sehemu ya umeme inabeba volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji baada ya TV kuchomolewa. Kama TV haina OUT yoyote na ni lazima uchukue sauti kwenye spika, fundi atumie kigeuzi cha magari cha spika kwenda RCA chenye transfoma ndani, kila chaneli mbali na mwenzake, kisha amplifaya ya hedifoni. Atakayekuuliza transfoma ya nini, usimwachie TV yako.

#15 Mama_Wawili

Asanteni. Swali la mwisho: bibi anasikia kwa shida, anahitaji hedifoni, sisi wengine tunataka spika zibaki zinasema. Inawezekana?

#16 Kebo_Tupu

Inawezekana, na hapa njia zinatofautiana sana. ARC kwa kawaida inazima spika za TV. Bluetooth ya ndani ya TV nyingi inazima pia, isipokuwa modeli zenye uchaguzi wa kutoa sehemu mbili pamoja. Optikali ndiyo rafiki yako: TV nyingi zinaendelea kuirusha hata spika zikiwa zinasema, na LG nyingi zina chaguo la wazi la spika za TV pamoja na optikali. AV OUT ya king'amuzi nayo haigusi spika kabisa.

Kwa bibi tumia waya au hedifoni ya kituo aliyosema Mzee wa Dishi, si Bluetooth ya SBC. Akisikia spika za sebule kidogo na hedifoni ikichelewa robo ya sekunde, kila neno litakuwa na mwangwi na atachoka haraka kuliko alivyokuwa bila hedifoni.

#17 Jirani_Mpole

Nimeweka amplifaya, sauti imepanda. Ila kuna kioja: kwenye mpira nasikia shangwe za uwanja, mtangazaji hasikiki kabisa!

#18 Solda_Moto

Pini haijazama hadi mwisho, au kiunganishi chako kimekatika njia ya ardhi. Ardhi ikikosekana, mkondo unapita kutoka sikio moja kwenda jingine na unasikia tofauti ya kushoto na kulia tu. Mtangazaji amewekwa katikati, yuko sawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Shangwe zinatofautiana kila upande, zinabaki.

Sukuma pini mpaka ilie tk. Kama hedifoni yako ina maiki, hesabu mistari myeusi kwenye pini: mitatu ni njia nne, na matundu mengine ya njia tatu hayapatani nayo. Ivute nje kama milimita moja huku mtangazaji anaongea. Akirudi, nunua kigawanyio cha maiki na hedifoni, utumie upande wa hedifoni. Asiporudi, badilisha kiunganishi cha RCA, hicho ndicho kilichokatika.